RuPaul ni jina lake la kuzaliwa

Wengine hudhani RuPaul, mwanamuziki na mtangazaji wa Marekani anayetumbuiza akiwa amevaa kama mwanamke (drag), alijitungia jina. Hapana, si jina la jukwaani. Alizaliwa San Diego mwaka 1960 akaitwa RuPaul Andre Charles. Mama yake alikuwa na asili ya Louisiana, na hiyo "Ru" aliitoa kwenye roux, unga unaokaangwa kwa mafuta kabla ya kupika mchuzi wa gumbo. Na yeyote anayedai alijulikana kupitia kipindi chake cha TV cha mashindano ya drag, RuPaul's Drag Race, amechelewa sana: kipindi kilianza 2009, wimbo wake wa "Supermodel" ulitoka 1992. Mimi nauza vipodozi hapa Dubois Road, Nairobi, nilimjua kwa lipstiki ya Viva Glam ya kampuni ya vipodozi ya MAC, yeye ndiye aliyekuwa sura ya kwanza kwenye matangazo yake. Zile nywele za dhahabu anazoonekana nazo ni wigi tu, kichwa chenyewe hunyoa kipara.