Kizingiti cha mlango wa nje: pima kutoka sakafu iliyokamilika, siyo kutoka jamvi

Mkuu, umesema jamvi (ile sakafu ghafi ya zege) liko tayari, lipu ya ndani imepigwa, marumaru bado, na fremu ya mninga imeshafika saiti. Seremala anataka kuisimamisha kesho, fundi marumaru anasema asubiri, nawe unauliza kizingiti kiwe na urefu gani ili masika yasikuingilie sebuleni. Nimefanya kazi za milango na umaliziaji wa nyumba Dar na Bagamoyo kwa miaka mingi. Fremu inaweza kusimama kabla ya marumaru, ila isisimame kabla hujajua sakafu itaishia wapi. Urefu wa kizingiti unapimwa kutoka juu ya marumaru ambayo bado hujaiweka, na ndiyo maana mafundi wako wanabishana.

Waite wote wawili siku moja. Chukueni mpira wa maji (bomba jembamba linaloonyesha maji, la kupimia usawa), pigeni mstari mmoja wa usawa kuzunguka kuta zote za ndani na kutoka nao mpaka barazani. Kutoka kwenye mstari huo pimeni kushuka hadi kwenye jamvi, kila chumba, kila kona. Mtashangaa, kwa sababu jamvi linaloonekana limenyooka kwa macho huwa linapishana sentimita mbili au tatu kati ya kona na kona. Tafuteni pale lilipo juu kuliko kwingine. Hapo ndipo hesabu inaanzia: penye bonde utajaza udongo wa saruji (mchanga uliochanganywa na saruji), lakini kilima huwezi kukichonga bila kuharibu jamvi.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme hapo penye kilima unaweka udongo wa kusawazisha milimita 30, gundi 5, marumaru 10. Sakafu yako itamalizikia milimita 45 juu ya jamvi. Hamisha ule mstari wa ukutani uwe mita moja kamili juu ya usawa huo mpya, uchore kwa wino usiofutika, na kuanzia leo fundi yeyote anayeingia saiti apime kutoka hapo. Seremala asipime kutoka jamvini tena. Ukiulizwa marumaru zako ni nene kiasi gani na hujazinunua, kanunue boksi moja kwanza. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu kuna marumaru za milimita 8 na kuna za 12, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya mlango ukwaruze.

Juu ya sakafu hiyo iliyokamilika, kizingiti kiinuke milimita 15, basi. Najua wengi wanataka kupandisha sentimita kumi wakidhani ndiyo dawa ya mvua. Kanuni za Uingereza kwa milango inayopaswa kupitika na kiti cha magurudumu zinaishia milimita 15, na za Marekani nusu inchi, kama milimita 13, kingo zikiwa zimechongwa mteremko. Wao nao wana mvua. Kizingiti kirefu anajikwaa bibi, anajikwaa mtoto, na aliyebeba sufuria la moto haoni mguu wake unakanyaga wapi.

Maji yanazuiwa na kilichoko nje ya mlango. Kuna nyumba moja Mbezi nilikoitwa baada ya kizingiti kupandishwa kwa saruji mara mbili na sebule bado inaloa. Nilimwaga ndoo ya maji barazani, yakaja yenyewe mpaka mlangoni, kwa sababu baraza ilikuwa imelalia ndani. Tulibomoa marumaru za baraza, tukaweka mteremko wa kwenda uani, na kile kizingiti kirefu tukakishusha. Kwa hiyo baraza yako ianze chini ya sakafu ya ndani, mimi napenda milimita 50, kisha ishuke sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita kuelekea nje. Ardhi ya uani nayo iwe angalau milimita 150 chini ya sakafu ya ndani, na usiisahau siku utakapoleta vitofali vya kutandaza uani, maana hapo ndipo watu wanapanda juu bila kujua. Ukiwa na mtu wa kiti cha magurudumu nyumbani, baraza unaweza kuisogeza karibu na usawa wa ndani, ila weka mfereji wenye chujio la chuma mbele ya mlango wote, na mfereji huo uwe na pa kutolea maji.

Kuna jambo lingine ambalo hukulitaja: mlango wako unafungukia ndani au nje? Mlango unaofungukia nje hujibana kwenye ukingo ulioko upande wa ndani wa kizingiti, hivyo tone likipita chini yake linakutana na ukuta mdogo na kurudi nje. Unaofungukia ndani, kama milango yetu mingi, ukingo uko upande wa nje, na tone likishavuka ukingo huo limeshaingia, hakuna cha kulirudisha. Huku pwani masika huja na upepo wa kusi, na mlango unaotazama kusini bila kibaraza cha juu hupigwa uso mzima. Dawa yake ni kipande cha mbao kilichochongwa mteremko, kikafungwa chini ya uso wa nje wa mlango, kitokeze mbele ya ukingo, na chini yake kichongwe mfereji mdogo ili tone lianguke badala ya kutambaa kurudi kwenye mbao. Seremala mzuri anakitengeneza kwa muda mfupi, na kinasaidia kuliko silikoni yoyote.

Chini ya mlango acha nafasi ya milimita 6 juu ya marumaru. Kizingiti kikiwa 15, mlango unakishika milimita 9, na hiyo inatosha. Kama unapenda zulia nene la kupangusia miguu, mwambie fundi marumaru aache shimo la kulilaza, kina sawa na unene wa zulia, kabla hajaweka gundi. La sivyo mlango utakwaruza juu yake, na mtu ataleta randa. Mlango wa paneli ukirandwa sana chini unafikia ulimi wa kiungo (ncha ya ubao iliyoingizwa ndani ya ubao mwingine), na hapo ubao wa chini unaanza kulegea.

Tazama na juu. Fremu ya milimita 2100 ikisimama juu ya sakafu iliyopanda 45 inahitaji tundu la 2145 na nafasi kidogo ya kuchezea, na ikikaa juu ya kizingiti ongeza urefu wake. Kama lenta yako (boriti ya zege juu ya tundu la mlango) ilipimwa 2100 kutoka jamvini, fupisha miguu ya fremu na uagize mlango kwa kipimo hicho. Usikubali mtu achonge lenta, kwa sababu nondo ziko chini kabisa.

Miguu ya fremu isizikwe kwenye udongo wa saruji. Ncha za mbao hunywa maji na mchwa hupitia hapo hapo. Ziishie juu ya kipande cha graniti kilicholazwa kuwa kizingiti, zipakwe dawa ya mchwa na rangi ya kwanza zikiwa bado chini. Mninga ni mgumu, lakini hata mninga uliokaa na unyevu kila masika unachoka.

Wanaofunga milango ya chuma ya Kichina: kizingiti kinakuja kimeshaungwa na fremu, kwa hiyo sakafu ndiyo inayofuata mlango. Jazeni udongo wa saruji chini ya bati ya kizingiti hicho mpaka isitoe mlio wa utupu ukiigonga, kabla haijaanza kukanyagwa.

Mkuu, mwambie seremala asubiri siku moja. Pima kutoka jamvi hadi chini ya lenta, unene wa marumaru utakazonunua, na tofauti ya usawa kati ya sebule na baraza. Ukiviweka vipimo hivyo hapa na kusema mlango unatazama wapi, nitakupa urefu wa kukata miguu ya fremu.