Re: Mdogo wangu aache kozi ya kuchapa sababu ya AI?

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako aache kozi ya kuchapa. Mi nachapa barua na CV hapa Nasser Road, Kampala, na kweli kuchapa peke yake hakutoshi tena, tangu ChatGPT, ile programu ya AI inayokuandikia maneno, itoke Novemba 2022 wateja wengi wanakuja na barua imeshaandikwa kwenye simu wanataka kuprinti tu. Ila Kiluganda bado kinaishinda, juzi mzee kaleta tangazo la msiba la Kiluganda lililoandikwa na AI, majina ya ukoo yamevurugika yote, tukakaa tukarekebisha moja moja, roho iliniuma sana. Hapo ndo kazi ilipo. Asiache, aongeze dizaini na ajue kuandika Kiluganda sawasawa, akimaliza mlete aone kazi yenyewe.