Boo Radley si mtu mbaya

Wapo wanaouliza kama Boo Radley, jirani anayejifungia ndani katika riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird (1960), ni mwendawazimu hatari. Hapana, si hivyo. Angalia habari za kutisha zinatoka kwa nani: ile ya kumchoma baba yake mguuni kwa mkasi inatufikia kupitia Jem, mtoto wa jirani, naye kaitoa kwa Stephanie Crawford, mmbea wa mtaa. Msimulizi, Scout, dada mdogo wa Jem, hakuiona hata kidogo.

Sasa linganisha na yale ambayo watoto wanayashuhudia wenyewe. Kwenye tundu la mti wa kwa akina Radley wanakuta chingamu, sarafu za zamani, na vinyago viwili vya sabuni vilivyochongwa kwa sura zao, zawadi anazowaachia Boo. Suruali ya Jem iliyonasa kwenye waya wa uzio wa akina Radley usiku, anaikuta imekunjwa juu ya uzio, pale ilipochanika pameshonwa kwa mishono iliyopinda, ya mtu asiyejua kushona. Mimi hapo ndipo huwa naguswa zaidi, maana Boo, kaka wa watu, alikaa gizani na sindano akihangaika ili mtoto asipate matatizo nyumbani. Halafu tundu likazibwa kwa saruji na Nathan, ndugu yake.

Ila tusimfanye malaika. Mwishoni Bob Ewell, aliyewavamia watoto hao usiku, anakufa kwa kisu, na kitabu kinaonyesha kwamba aliyemuua ni Boo, akiwaokoa Scout na Jem. Sherifu Heck Tate ndiye anayeshikilia kuwa Ewell aliangukia kisu chake mwenyewe, kwa kuwa hataki kumburuta mtu mwenye haya vile mbele ya umati.