Muulize Fundi: Windows 7 imegoma kwenye kompyuta mpya, kibodi yafa katikati

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mimi ni mama wa kudarizi, nina duka dogo Mji wa Kale, twadarizi kofia, kanzu na beji za sare za shule. Kompyuta yetu ya zamani ilikuwa na Windows 7 na ile programu ya kuchora michoro tuliyouziwa pamoja na mashine ya kudarizi, na haifunguki mpaka uchomeke kile kifunguo chake cha USB. Sasa kompyuta imekufa, feni yazunguka lakini skrini nyeusi. Nikanunua nyengine iliyotumika, Core i5-8500, RAM 8, diski yake ni ile bapa ndogo ya NVMe. Kijana wangu akatengeneza flashi ya Windows 7, yaanza vizuri kabisa nembo yaja, tukifika pale pa kuchagua lugha kibodi na mausi zafa zote mbili. Tumebadilisha kibodi, tumebadilisha tundu, fundi mmoja akatwambia mazabodi ni mbovu tununue nyengine. Mwengine akaja na kibodi ya kizamani ile ya pini za duara tukasonga kidogo, alafu ikasema draiva ya sidi haipatikani na diski haionekani. Kazi za watu zimelala, nifanyeje? (Mdarizi, Mji wa Kale)

JAWABU: Waaleikum salaam mama, pole sana. Kabla ya yote, mazabodi usinunue. Hiyo kompyuta ni nzima na kijana wako hajaharibu kitu, tatizo ni umri tu. Windows 7 ilitoka Oktoba 2009 na hiyo i5-8500 imetoka 2018, yani vitu vingi vilivyo ndani ya kompyuta yako vilikuwa havijakuwako wakati Windows 7 yatengenezwa, sasa yaviangalia na haivijui.

Tuanze na kibodi manake hapo ndo watu wengi wapoteza pesa. Windows 7 kwenye sidi yake ya asili yajua USB ya kwanza na USB 2, basi. Zamani kompyuta za Intel zilikuwa na vidhibiti viwili, kimoja cha USB 2 na kimoja cha USB 3, kwa hivo ukichomeka tundu jeusi badala ya la buluu mambo yaenda. Kuanzia jenaresheni ya 6 ya processor zao, mwaka 2015, Intel wakakitoa kile cha USB 2, matundu yote yakawa yapita kwa kidhibiti kimoja kipya kinaitwa xHCI, hata tundu liwe na rangi gani. Kwa hivo ule ushauri wa "jaribu tundu jeusi" ni wa kweli kwa mashine za 2012 na 2013, kwa yako haufai kitu.

Na najua utauliza mbona mwanzo kibodi ilikuwa yafanya. Mwanzo aliyeshika kazi ni BIOS, ile programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta, na BIOS ni kama rubani wa bandari pale Kilindini, mlango wa kuingilia aujua vizuri kabisa, sasa anapomwachia nahodha usukani na nahodha mwenyewe hajui hayo maji, meli yasimama. Nahodha ndo Windows 7. Pale pa kuchagua lugha ndo usukani umeshabadilisha mikono.

Draiva ni programu ndogo ya kuifundisha Windows kutumia kifaa. Ile ya kusema draiva ya sidi haipatikani ni ugonjwa ule ule, na yachanganya watu ubongo sababu huna sidi yoyote mle ndani. Maana yake ni kwamba Windows 7 haiioni tena ile flashi iliyotoka ndani yake yenyewe, sababu flashi nayo iko kwenye USB. Na diski haionekani kwa sababu nyengine, ile NVMe haina draiva kwenye Windows 7 ya asili, Microsoft walitoa viraka, yani marekebisho ya Windows, baadae, KB2990941 na KB3087873, mpaka uvitie kwenye flashi kwanza.

Sasa yuko fundi atakwambia lete nitavitia hivo viraka na draiva za USB nikufanyie. Yawezekana, sikatai. Lakini sikiza vitu vyengine vinavyokungoja mbele. Diski ya NVMe kwa kawaida yataka mashine iwake kwa njia mpya ya UEFI, na Windows 7 ikiwaka kwa UEFI bado yataka BIOS iwe na CSM, ile sehemu ya kuigiza mambo ya zamani, la sivo yaganda pale kwenye nembo na haitoki. Ukivuka hapo, kioo. Graphics ya i5-8500 ni UHD 630 na Intel hawakuitolea draiva ya Windows 7, utapata picha kubwa kubwa, nzito, ukivuta mchoro wakuja kwa kukwama, na wewe kazi yako yote ni macho, kuangalia uzi mmoja umelala wapi. Na apdeti ndo usiulize, kuanzia 2017 Microsoft walizuia apdeti za Windows 7 kwa processor za jenaresheni ya 7 kwenda mbele, alafu Januari 14, 2020 wakazifunga kwa watu wote wa kawaida. Mimi kwa hiyo mashine yako nasema usipigane nayo.

Kitu cha thamani hapa mama si Windows, ni vitatu: kile kifunguo cha USB, sidi ya programu, na faili za michoro yako zilizo kwenye diski ya kompyuta iliyokufa. Hiyo diski asiifomati mtu yeyote, asikwambie mtu "tuisafishe kwanza". Itolewe, ichomekwe kwa kebo ya SATA ya kwenda USB kwenye kompyuta nyengine, michoro yote inakiliwe mahali pawili.

Alafu ile kompyuta ya zamani usiitupe bado. Feni yazunguka na skrini nyeusi, hapa kwetu na hii hewa ya chumvi, mara nyingi ni RAM imeshika kutu ya kijani kwenye meno yake. Zima, chomoa waya wa stima ukutani, toa RAM, sugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka ilie klik. Ikiwa haijawaka fundi atazame pawa saplai na zile kapasita kama zimevimba juu. Ikiwa imekufa kweli basi tafuta desktopu iliyotumika ya jenaresheni ya 3 au ya 4, i5-3470 au i5-4570 hivi, hizo bei yake iko chini ya hiyo uliyonunua na Windows 7 yakaa ndani yake kama nyumbani, draiva zote zapatikana. Kwa mtu mwenye oda zimelala, hii ndo njia ya haraka kuliko zote na ndo ningekufanyia mimi.

Hiyo i5-8500 nayo usiirudishe dukani. Itie Windows 11, yaikubali, manake Windows 10 nayo apdeti zake zilifungwa Oktoba 14, 2025. Alafu jaribu kuitia programu yako moja kwa moja, bonyeza faili yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, Compatibility, chagua Windows 7. Wengi hawajui kwamba programu mara nyingi yakubali na kinachogoma ni kifunguo, sababu draiva ya kifunguo iliyo kwenye sidi ni ya zamani. Aliyekuuzia programu muulize draiva mpya ya kifunguo, ama itafute kwenye tovuti ya waliotengeneza kifunguo chenyewe, jina lao huwa limeandikwa ubavuni.

Ikigoma kabisa kuna kompyuta ndani ya kompyuta. VirtualBox ni ya bure, waifungulia Windows 7 ndani ya dirisha kama programu nyengine yoyote, na Windows 7 ikiwa mle ndani yaonyeshwa vifaa vya zamani inavyovijua, USB 2 na diski ya SATA, ile vita yote ya kibodi na NVMe haiko. Kwanza ingia BIOS uwashe Virtualization Technology kama imezimwa. Tumia Windows 7 ya biti 32, ipe RAM giga 2 yatosha, alafu kwenye sehemu ya USB ya VirtualBox chagua kidhibiti cha USB 2 na uongeze kifunguo chako kwenye orodha ili kiwe chaingia ndani moja kwa moja. Hiyo biti 32 nina sababu nayo, programu nyingi za zamani kile kisakinishi chake ni cha biti 16 na Windows ya biti 64 kwa kawaida haikifungui. Vifunguo vyengine vyakubali kupita hivi na vyengine vyakataa, kwa hivo jaribu kabla hujamlipa mtu.

Na Windows 7 yoyote utakayoweka usiipe intaneti. Toa faili za DST, zile za mchoro zinazosomwa na mashine, kwa flashi upeleke kwenye mashine ya kudarizi, yatosha. Za barua pepe na kupokea picha za wateja tumia ile Windows mpya. Tena mwambie kijana wako asishushe zile Windows 7 za watu "zilizotiwa draiva zote tayari", hujui mtu amekutilia nini mle.

Kitu cha mwisho kwako mama, angalia Ink/Stitch, ni ya bure, yakaa ndani ya Inkscape, programu ya kuchora, na yasoma na kuandika faili za kudarizi za DST na PES. Haina kila kitu cha programu yako lakini kwa majina na beji za shule utafanya nayo kazi sahii wakati hayo mengine yatengenezwa.

SWALI: Mambo fundi, mimi najifunza ufundi hapa Kisauni. Mteja ana i5-6500 na SSD ya SATA, ataka Windows 7 na hataki kusikia nyengine. Na hii pia nimwambie haiwezekani? (Mwanafunzi, Kisauni)

JAWABU: Poa kaka. Hapana, hiyo yawezekana, jenaresheni ya 6 ndo ya mwisho Intel kutoa draiva za graphics za Windows 7. Nenda BIOS zima Secure Boot, ule ulinzi wa wakati wa kuwaka, washa Legacy au CSM, SATA iache AHCI, ile njia ya Windows kuzungumza na diski. Alafu kama mashine ina tundu la kibodi la PS/2, lile la pini za duara, na dividi ya SATA ya ndani, usihangaike na flashi, tumia dividi na kibodi ya PS/2, Windows 7 yazijua zote mbili na itaingia mwanzo mpaka mwisho bila kuchezea faili. Ile adapta ya kugeuza ya bei rahisi haisaidii kama kibodi yenyewe si ya aina ya kukubali PS/2. Ikishaingia, itie draiva ya USB 3 ya Intel kutoka kwa dividi uliyoichoma.

Kama hakuna PS/2 itabidi uzitie draiva za USB 3 kwenye flashi kwa DISM, programu ya Windows ya kurekebisha faili za usakinishaji. Hapa wanafunzi wengi wakwama, wazitia kwa install.wim, faili yenye Windows yenyewe, peke yake na kibodi bado yafa pale pale. Lazima uzitie kwenye boot.wim pia, faili inayowasha usakinishaji, namba 2 ndani yake ndo yenye kisakinishi, kisha install.wim ili kibodi isife tena baada ya kurestati. Na ukiona draiva imeingia lakini ina alama ya njano na kosa namba 52 (Code 52), hiyo ni saini yake ya usalama ya aina mpya, SHA-2, ambayo Windows 7 haiitambui bado, tia kiraka KB4474419, lakini Service Pack 1, lile furushi la viraka vya Windows 7, iwe imetangulia.

SWALI: Nina laptopu mpya aliyoniletea mwanangu, nataka Windows XP ndani yake kwa ajili ya programu yangu ya hesabu za duka. Yaja skrini ya buluu, 0x0000007B. (Mzee, Likoni)

JAWABU: Shikamoo mzee wangu. Hiyo namba yasema XP imekosa kuiona diski, sababu XP ya 2001 haina draiva ya AHCI. Kwa laptopu za zamani kidogo ilikuwa waingia BIOS wabadilisha AHCI iwe IDE, njia ya zamani ya diski, mambo yaisha, hizi mpya hilo chaguo hazina. Usiitie XP kwenye hiyo laptopu mzee, itakunyima hata WiFi. Mwambie mwanao akuwekee XP ndani ya VirtualBox kama nilivyomwambia mama hapo juu, RAM nusu giga yatosha, na diski yake ya mle ndani achague IDE, hiyo skrini ya buluu hutaiona. Na ikiwa hizo hesabu bado ziko kwenye kompyuta ya zamani inayowaka, azinakili kwanza leo leo kabla hajagusa chochote.