Kabla ya Kumlipa Mwongozaji wa Taj Mahal

Saa tisa alasiri, siku yetu ya kwanza mjini Agra, mimi na shangazi yangu tulikuwa tumeketi katika duka la marumaru tukinywa chai ambayo hatukuiagiza, huku kijana mmoja akimulika meza moja baada ya nyingine kwa tochi na kutueleza kwamba mababu zake ndio waliojenga Taj Mahal. Mwongozaji wetu, ambaye tulikuwa tumemlipia siku nzima awe wetu peke yetu, alikuwa nje ya mlango akizungumza na simu. Tulitoka pale saa kumi na nusu bila kununua kitu, tukakwama kwenye msongamano wa bajaji na magari, na tulipofika katika Ngome ya Agra jua lilikuwa likikaribia kuzama na walinzi hawakuwa wakiruhusu tena wageni kuingia. Shangazi si mtu wa kulalamika, lakini siku hiyo aliniuliza: "Mwanangu, huyu tumemwajiri sisi, au yeye ndiye aliyetuajiri?"

Tulikuwa India kwa sababu ile ile inayowapeleka huko Waafrika Mashariki wengi, yaani matibabu. Shangazi alikuwa amefanyiwa uchunguzi wa moyo mjini Delhi, na daktari alitupa siku kadhaa za kusubiri kabla ya kumwona tena, akamruhusu kutembea mradi asiharakishwe. Najua wapo wengi wanaojikuta na siku kama hizo mikononi, wamechoka kukodolea macho kuta za nyumba ya wageni, na mtu wa mapokezi anawaambia kwamba anaweza kuwatafutia gari na mwongozaji wa binafsi wa kuwapeleka Agra. Ushauri wangu ni kwamba mkubali wazo hilo, kwa kuwa mgonjwa anayepata nafuu hawezi kukimbizana na kundi la watu arobaini wanaofuata bendera, lakini mwongozaji msimkubali hivi hivi. Taj Mahal yenyewe hata asiyeelezwa neno ataiona. Kwa mwongozaji unanunua maelezo ya yale yasiyojieleza yenyewe pamoja na mamlaka juu ya muda wako, na ukishampa mtu mwingine mamlaka hayo, basi umelipia gari tu.

Usiku ule ule nilimmalizia yule mwongozaji wa kwanza hesabu yake na kutafuta mwingine. Safari hii nilianza kwa kuomba kitambulisho, kwa kuwa waongozaji waliosajiliwa na Wizara ya Utalii ya India huwa na beji yenye picha, na hawaoni aibu kuionyesha. Wale wanaokuvamia karibu na lango wakisema kwamba magari ya betri yanayowapeleka wageni langoni leo hayafanyi kazi, au kwamba bila wao hutaingia, waache waendelee na kelele zao. Kisha nilimwandikia ujumbe kwa simu, sikuishia kumwambia kwa mdomo, nikataja mahali tutakapokwenda na kwa mpangilio upi, nikataja kwamba tutapumzika kila shangazi atakapotaka, na nikaongeza kwamba hatutaingia katika duka lolote, karakana yoyote wala "shule ya ufundi" yoyote isipokuwa tukiomba wenyewe. Maduka hayo huwalipa waongozaji na madereva kamisheni, na gharama hiyo huingizwa katika bei anayotajiwa mgeni. Ukiweka sharti hilo mapema, mwongozaji mzuri atakujibu kwamba ada yake basi ni hii, pengine juu kidogo kuliko ya mwenzake, na hiyo ndiyo ada ya kulipa.

Jambo la mwisho lilikuwa swali la mtego. Nilimuuliza kama ni kweli kwamba mfalme Shah Jahan, aliyeijenga Taj kuwa kaburi la mkewe, aliwakata mikono mafundi wake ili wasijenge jengo jingine kama lile. Wa kwanza alikuwa ametusimulia kisa hicho kwa hisia nyingi, hata akatuonyesha kwa kiganja chake mahali panga lilipopita. Huyu wa pili alicheka, akajibu kwamba hakuna maandishi ya wakati ule yanayothibitisha jambo hilo, na kwamba hadithi ya Taj la pili jeusi ng'ambo ya mto Yamuna nayo ilienezwa na msafiri mmoja Mfaransa wa karne ya 17, ilhali wachimbaji waliochunguza eneo hilo walikuta bustani na bwawa. Mtu anayekubali kukunyima hadithi tamu kwa sababu si ya kweli ni mtu wa kumwamini hata katika suala la bei ya maji ya kunywa.

Kabla sijafika Taj, niseme kidogo kuhusu Delhi, kwa sababu mpangilio una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa bahati njema tulikuwa tumeanza na kaburi la mfalme Humayun, ambalo mjane wake alilisimamia na ambalo lilikamilika mnamo 1570 hivi, zaidi ya miaka 60 kabla ya Taj kuanza kujengwa. Humo utakuta kila kitu katika hali ya kujaribiwa: kuba lenye matabaka mawili, jukwaa refu, bustani iliyogawanywa sehemu nne kwa mifereji ya maji. Wenyewe huiita charbagh, na shangazi aliposikia kwamba neno letu "bustani" nalo lina asili ya Kiajemi, kama hiyo charbagh, aliitazama mifereji ile kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. Ukienda Taj kwanza, kaburi la Humayun litaonekana kama nakala isiyopakwa chokaa. Ukianza nalo, Taj utaielewa. Kampuni nyingi zinazouza ziara ya siku moja huliweka mwishoni au huliruka kabisa, kwa hiyo ni wewe utakayelazimika kulidai.

Kutoka Delhi hadi Agra ni zaidi ya kilomita 200, na kwa gari kupitia barabara ya kulipia ya Yamuna huchukua saa tatu hadi nne. Treni ya Gatimaan Express huchukua dakika 100 hivi, na kwa mwenye mgonjwa ningeichagua bila kusita, isipokuwa siku ya Ijumaa ambapo haisafiri. Ijumaa Taj nayo hufungwa kwa wageni kwa ajili ya sala katika msikiti wake, na bado wapo mawakala watakaopokea fedha zako za Ijumaa wakinyamaza. Chunguza kalenda mwenyewe. Chunguza pia majira, kwani Desemba na Januari ukungu wa asubuhi unaweza kulifunika jengo zima usione hata ncha ya mnara, na kuanzia Aprili joto huvuka nyuzi 40. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Februari na hatukujuta.

Mwongozaji wetu wa pili alitufuata kabla ya alfajiri kupambazuka vizuri. Lango hufunguliwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na tiketi ya mgeni ilikuwa rupia 1,100, pamoja na 200 nyingine kwa anayetaka kupanda hadi ndani ya kaburi lenyewe. Tulikuwa tumezinunua mtandaoni kwa namba za pasi zetu. Magari ya petroli hayaruhusiwi kukaribia, hivyo tulipanda gari la betri, na tuliacha hotelini kila kitu ambacho walinzi wangekizuia, yaani vyakula, kiberiti na begi kubwa. Dawa za shangazi tulizibeba katika mfuko mdogo pamoja na cheti cha daktari, na ninashauri mfanye vivyo hivyo, kwa sababu upekuzi wa pale si wa mchezo.

Mwongozaji alitusimamisha mbele ya lango kuu jekundu, upande wa kusini, kabla Taj yenyewe haijaonekana. Wageni wengine walikuwa wakipita mbio kuwahi picha. Alinyoosha kidole kwenye maandishi meusi yaliyochongwa kuzunguka tao, akaanza kueleza kwamba mwandishi wake ni Amanat Khan, na kwamba herufi za juu zimefanywa kubwa kuliko za chini ili mtu aliyesimama ardhini azione zote kuwa sawa. Hakumaliza. Shangazi alikuwa ameinua uso, mkono mmoja juu ya mkongojo, akisoma polepole kwa sauti ya chini, na nilipomsogelea nilitambua kwamba ni Sura ya Al-Fajr, ambayo aliihifadhi chuoni akiwa mtoto kule Tanga. Alipofika kwenye aya zinazoiita nafsi iliyotulia irejee kwa Mola wake na kuingia Peponi, alisita, akatafuta kwa macho mahali aya zilipoishia, akazimalizia bila kusoma. Yule bwana alinyamaza hadi mwisho. Halafu akamwambia, nami nikatafsiri, kwamba ndivyo lango lile lilivyokusudiwa kutumika: msomaji amalize kusoma mwaliko wa Peponi, kisha avuke kizingiti aione bustani.

Katika kundi la watu arobaini tusingesimama pale hata dakika mbili. Sisi tulisimama karibu robo saa.

Ndani ya bustani alituonyesha kitu kingine ambacho macho yangu yasingekitambua. Upande wa magharibi wa kaburi kuna msikiti, na upande wa mashariki kuna jengo linalofanana nao kabisa, lakini lisilo na kibla sahihi, kwa kuwa lilijengwa ili kuusawazisha msikiti. Wenyewe huliita jawab. Sikuhitaji kumtafsiria shangazi. "Jawabu," alisema, "yaani huu unauliza na lile linajibu." Katika mpangilio huo wote kitu kimoja tu hakina mwenzake, nacho ni jeneza la marumaru la Shah Jahan, lililowekwa kando ya la mkewe Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14. La Mumtaz ndilo lililo katikati. Yote mawili ni alama tu, kwani makaburi yenyewe yako chini, katika chumba ambacho wageni hawaingii. Mwongozaji alimulika simu yake kwenye ua moja lililonakshiwa ukutani, na akiki iliyomo ikawaka nyekundu kama kaa la moto, wakati marumaru iliyoizunguka ilibaki nyeupe.

Kwa wenye magoti mabovu, mjue kwamba ndani ya uwanja kuna mwendo mrefu, na ngazi za kupanda jukwaani ni nyembamba na hujaa watu. Sisi tulipanda saa moja asubuhi, kabla ya makundi ya mabasi kufika, tukashuka taratibu. Tiketi huruhusu saa tatu ndani, na zilitutosha.

Ngome ya Agra iwe baada ya Taj, siku hiyo hiyo. Mfalme Akbar aliijenga upya kwa mawe mekundu kuanzia mwaka 1565, na mjukuu wake Shah Jahan akaongeza majumba ya marumaru ambamo, kuanzia 1658, mwanawe Aurangzeb alimfungia hadi alipofariki mwaka 1666. Ukisimama karibu na mnara wa pembe nane uitwao Musamman Burj unaiona Taj kwenye kona ya mto, ndogo na yenye rangi ya maziwa. Hapa mwongozaji anafaa kuliko hata Taj, kwa sababu bila maelezo ngome ni msururu wa kumbi tupu. Tulipofika Diwan-i-Aam, baraza ambamo mfalme aliwasikiliza raia, shangazi aliuliza kama madiwani wetu nao walianzia huku. Neno ni lile lile, alijibiwa, nalo lilipitia Uajemi na Uarabuni kabla ya kutufikia. "Basi wafikishiwe habari kwamba kazi yao ni kusikiliza," akasema, akakaa kwenye kivuli.

Fatehpur Sikri, mji mkuu ambao Akbar aliutumia kwa miaka kama 14 tu kuanzia 1571, nilikwenda peke yangu siku iliyofuata. Una ngazi nyingi, na wanaojiita waongozaji ni wasumbufu kuliko wa Agra. Mwenye moyo au miguu dhaifu asijilazimishe. Badala yake aende kwenye kaburi la Itimad-ud-Daulah, ambalo malkia Nur Jahan alimjengea baba yake kati ya 1622 na 1628. Ni dogo, lina watu wachache, na nakshi zake za vito zilitangulia zile za Taj. Ningelazimishwa kuchagua moja tu la kurudia, ningerudia hilo.

Huko ndiko tulikomalizia na mwongozaji wetu, bado tukiwa na saa nzima mkononi. Alituuliza tunataka nini, na shangazi, kwa mshangao wangu, akataka kupelekwa dukani, kwa kuwa alikuwa amemwahidi binti yake kijisanduku cha marumaru. Yule bwana alitukumbusha sharti letu la maandishi, akacheka, kisha njiani akatufundisha kwamba maduka mengi huuza jiwe laini kwa jina la marumaru, na kwamba jiwe laini hukwaruzika kwa ukucha ilhali marumaru ya Makrana, ile iliyojengea Taj, haikwaruziki. Dukani alibaki garini. Shangazi alikichukua kisanduku alichopewa, akakigeuza, na kwa utulivu kabisa, akimtazama muuzaji usoni, akapitisha ukucha wa dole gumba upande wa chini. Muuzaji aliutazama mstari uliobaki pale, akainama, akatoa kisanduku kingine kutoka chini ya meza.