Maswali ya Wasomaji: Kayaki, Kichwa Kilichogoma na Maji ya Raskazone

*Salaam wahariri. Natunga mashairi na maneno ya taarab. Huu mwezi wa tatu sijakamilisha hata ubeti mmoja. Mwenzangu ananiambia nikapige kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kafi, ufukweni Raskazone hapa Tanga asubuhi, akili itafunguka. Kuna ukweli, au ni mazoezi ya mikono tu?*
Mtunzi, Ngamiani

Ukweli upo, lakini utaupata ukijua unachokwenda kufanya majini. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: kujiandaa, kuatamia, wazo kuchomoza, kisha kulihakiki. Kayaki ni ya hatua ya pili. Na kuku haatamii kiota kitupu, kwa hiyo lazima uende na yai lako.

Usiku wa kuamkia siku ya kutoka, kaa na shairi kwa dakika 20. Andika kiitikio, panga vina vya kati na vya mwisho, orodhesha maneno kumi kwa kila kina, halafu tia alama pale ulipokwama. Jiulize: ni kina kimekataa, au bado hujajua unataka kusema nini? Watunzi wengi hulaumu vina ilhali tatizo ni hilo la pili. Funga daftari, na asubuhi usilifungue.

Majini, dakika 10 za mwanzo nenda taratibu mpaka mabega yalegee. Kisha shika mwendo mmoja kwa dakika 25: makafi (yaani mapigo ya kafi) 45 hadi 50 kwa dakika, ukihesabu ya kulia na ya kushoto pamoja. Kipimo chake ni kwamba unaweza kusema sentensi nzima lakini kuimba kunakushinda. Ukizidisha nguvu, pumzi inachukua akili yote. Ukilegea mno, kichwa kinarudi kwenye madeni na ujumbe wa simu. Wewe mtunzi una kipimo kingine kizuri: kipande cha mizani (silabi) 8 kinaenea katika makafi 4, mizani mbili kila kafi. Ghani kimoyomoyo ubeti wa zamani unaoujua vizuri mpaka mikono ishike mwendo, halafu nyamaza. Usianze kutunga. Ukifika mahali pa kukingika, pasipopita vyombo, laza kafi mapajani, uache kayaki ielee dakika 10. Mara nyingi ni hapo neno hujileta lenyewe.

Likija, linase papo hapo, maana ukishaanza kuburuta kayaki mchangani na kusalimiana na watu limekwisha potea. Kata kipande cha dumu jeupe ukubwa wa kiganja, kisugue kwa msasa laini mpaka king'aro kitoke, toboa tundu, ufungie penseli kwa uzi. Maandishi ya penseli hayafutwi na maji ya chumvi; nyumbani unayatoa kwa raba.

Ushahidi uliopo unahusu zaidi kutembea. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu walipotembea, mawazo yao mapya yaliongezeka kwa wastani wa asilimia 60 kuliko walipokaa, na faida ilibaki kwa muda hata baada ya kuketi. Maswali yenye jibu moja tu hayakunufaika. Kayaki ina mwendo uleule mwepesi wa kujirudia, ndiyo maana tunaipendekeza kwa kutafuta maneno na taswira. Kusahihisha mizani fanya mezani.

*Nilifika ufukweni saa 4 asubuhi, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Maji yamekimbia, nikaburuta kayaki juu ya tope na mawe mpaka hamu ikaniisha. Nipange vipi siku?*
Kijana wa Chumbageni

Uliingia kwenye bamvua, kaka, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Siku moja mbili baada ya mwezi kuandama, na vivyo hivyo baada ya mwezi mpevu, pwani yetu hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50 kila siku, hivyo baada ya juma moja mambo hugeuka. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu ni maji mafu: hujaa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na mkondo ni mnyonge. Hizo ndizo asubuhi za anayejifunza. Hakikisha kwa jedwali la maji, au waulize wavuvi wa mwalo wa Deep Sea.

Maji hupwa kwa takriban saa sita, lakini nusu ya maji yote huondoka katika saa ya tatu na ya nne. Usiwe kwenye vijito vya mikoko wakati huo. Ingia maji yakipanda, geuza nusu saa kabla hayajajaa kabisa. Anayechelewa hukwama topeni, na akishuka kusukuma, chaza walioshika mizizi ya mikoko humchana miguu. Vaa viatu vya kufunga.

Upepo unahitaji tahadhari kubwa zaidi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, maji yaliyo karibu na mji huonekana kama mafuta kwa kuwa nchi kavu inayakinga. Ukisogea nje kuelekea kisiwa cha Toten, upepo uleule unakuja mgongoni na kukupeleka bila wewe kuhisi, mpaka utakapogeuka kurudi. Kwa hiyo anza safari kwa kwenda kinyume na upepo, ili kurudi kuwe kwepesi. Toka saa 1 asubuhi, na upepo ukianza kutia mapovu meupe juu ya mawimbi, rudi. Oktoba na Novemba, kusi ikishalegea na kaskazi, upepo wa kaskazini, haijakolea, bahari huwa tulivu zaidi. Njia ya meli za bandarini ipishe kabisa, kwani meli haiwezi kusimama ghafla kwa ajili yako. Mwachie mtu wa nchi kavu saa ya kurudi, ubebe filimbi, na simu ikae kwenye mfuko usiopitisha maji. Namba ya dharura ni 112.

*Binti yangu ananishawishi twende pamoja. Sijui kuogelea, na navaa hijabu. Naogopa ikipinduka.*
Mama, Makorora

Mama yetu, woga wako ni wa haki. Mpaka ujifunze kuelea chali, baki penye maji ya kifua, katika kayaki ya kukalia juu, yenye upana wa sentimita 75 au zaidi. Jaketi okozi lifungwe vibano vyote. Binti alivute kwenye mabega kwenda juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa, badilisha. Baibui liache nyumbani, maana nguo pana hujaa maji na kuzonga miguu. Suruali na fulana ndefu ya kitambaa kinachokauka upesi, na hijabu ya kushonwa isiyo na pini, zinasitiri vizuri. Usivae khanga juu ya jaketi, wala usijifunge kwa kamba kwenye chombo.

Kisha ipindueni kwa makusudi, mara tatu, binti akiwa ameshika upande wa pili. Igeuze kwanza ikae sawa, usiiachie. Shika kingo zote mbili, piga miguu kwa nguvu mpaka mwili uelee, jivute ulale kwa tumbo katikati, jigeuze ukae kitako, ndipo uingize miguu. Tumbo, kitako, miguu. Wengi hushindwa kwa sababu hujaribu kupanda miguu ikining'inia chini ya chombo. Hapo kinawapindukia tena.

*Natumia dawa za sonona. Kayaki imenipa nafuu kubwa, usingizi umerudi. Naweza kuziacha?*
Msomaji, Pongwe

Usiziache. Nafuu hiyo ni ya kweli na tunafurahi nawe, lakini yawezekana ni dawa na mazoezi vinavyosaidiana, na kukatisha ghafla huweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu. Mwambie daktari wako, awe wa hospitali ya Bombo au kituo kingine, upange naye. Muulize pia kama dawa yako huleta usingizi, au kama inahitaji mwili usikaukiwe maji. Kuna dawa ambazo huzidi mwilini mtu akikauka. Beba maji nusu lita kwa kila saa. Kwa watu wazima Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na matembezi ya kayaki yanachangia kiasi hicho. Usitoke peke yako.

*Kila nikipiga kafi nusu saa, viganja vinakufa ganzi na kifundo cha mkono kinauma.*
Mwalimu, Mabawa

Unabana mno, mwalimu, na unavuta kwa mikono. Weka kafi juu ya kichwa, sogeza viganja mpaka viwiko vikunje pembe mraba. Hapo ndipo pa kushika. Lishike kama ungeshika kifaranga, na mkono unaosukuma ufungue vidole kidogo. Bapa la kafi lizame karibu na vidole vya miguu, litoke likifika nyongani, huku kifua ndicho kinachogeuka. Kifundo kibaki kimenyooka. Ikiwa miguu nayo inakufa ganzi, umeegemea nyuma sana: kaa wima, magoti yakunjwe kidogo, nyayo zikanyage sawasawa. Maumivu yakidumu baada ya kupumzika juma zima, onana na daktari.