Kiyoyozi cha boti kukata: anza na maji

Ndugu, umesema skrini ya kiyoyozi cha boti yako inawaka na feni inapuliza, ila kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) inakata baada ya dakika mbili tatu. Kabla hujanunua kontroli mpya, yaani skrini na bodi ya umeme inayoongoza mtambo, chungulia ubavuni mwa boti: maji ya bahari yanatoka kwa nguvu au yanachuruzika tu? Kiyoyozi cha namna hiyo hupozwa kwa maji hayo. Chujio la maji hayo likijaa mwani, presha ya gesi hupanda na mtambo hujizima wenyewe. Hapo kontroli si mbovu, inafanya kazi yake.

Maji yakiwa sawa, zima umeme wote, wa gatini na wa jenereta, ndipo ufungue boksi la kontroli. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, hubaki na chaji hata umeme ukizimwa, kwa hiyo usiiguse, tafadhali. Chomoa waya wa skrini kwenye bodi utazame pini: ukiona ukijani, ni shaba iliyoliwa na chumvi. Kontroli yangu ilipona kwa kusafisha pini hizo tu. Angalia pia rilei ya kompresa, yaani swichi inayoiwasha na kuizima, kama imeungua.

Bodi ikiwa imekufa kweli, zipo kontroli zinazokubali mitambo ya aina nyingi. Linganisha volti na ampea, na piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa.